Chombo Hutazamwa Mpaka Kilichomo Majini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake maji ya bahari na ya maziwa ili vyombo vipite humo kwa amri yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu wasomaji, tulipokwenda kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa pande za Homa Bay na Migori tulikutana na jambo ambalo hatukulitazamia. Tulikwenda kwa ajili ya darsa, na vitabu vyetu mkobani. Kabla ya juma kwisha tulikuwa tumesimama ufuoni Muhuru, kanzu zimekunjwa mpaka magotini, twainamia mashine ya mashua. Twalieleza jambo hili kwa kuwa hukumu zake zawahusu watu wa Mombasa na Lamu kama ziwahusuvyo watu wa ziwani, na kwa kuwa tuliyoyaona kwetu wenyewe katika siku ile hayakutupendeza.

Ndugu mmoja wa Homa Bay, mwenye biashara ndogo ya samaki, alitujia baada ya sala ya Isha. Nduguye alikuwa amefariki akamwachia mayatima wanne, naye ndiye msimamizi wa mali yao. Mali yenyewe si nyingi, na kila mwezi yapungua kwa chakula na karo. Akaona heri ayafanyie biashara, na katika hilo alikuwa na dalili njema, kwani imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba aliwahimiza watu wayafanyie biashara mali ya mayatima yasije yakaliwa na Zaka. Alikuwa ameona mashua ya mbao ya futi thelathini, yenye mashine ya nguvu za farasi arubaini, yauzwa Muhuru kwa shilingi 320,000. Nia yake ni kupakia abiria na mizigo kati ya Mbita na kisiwa cha Mfangano. Tukamwuliza, "Umeiona?" Akatoa simu yake akatuonyesha picha tano.

Picha zilikuwa nzuri. Rangi ya mashua ilikuwa mpya, buluu na nyeupe, na mashine ilikuwa yang'ara. Tukamwambia, "Ndugu yetu, hii ni picha ya rangi. Mashua yenyewe hujaiona." Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu hanunui kitu maalumu asichokiona, na kuona kila kitu ni kwa namna kinavyostahili kuonwa. Nyumba ina namna yake, mnyama ana namna yake, na kitambaa kilichokunjwa hakitoshi kutazamwa juu. Na katika sherehe za Minhaj wanavyuoni wetu wamekitaja chombo cha majini kwa jina lake, wakasema kwamba chombo huonwa chote, mpaka kile kilichomo ndani ya maji. Wao hawakujua mashine wala petroli, lakini walijua kwamba ubaya wa chombo hujificha pale macho yasipofika. Basi mwenye kununua kwa picha, picha ambazo aliyezipiga ndiye aliyechagua upande wa kuonyesha, ameona nini?

Akasema, "Basi twendeni sote, Sheikh. Nyinyi watu wa pwani ndio wenyewe wa vyombo." Hatukuwa na la kumjibu, ijapokuwa katika sisi watatu hakuna aliyewahi kushika usukani. Mmoja wetu tu ndiye mwana wa nahodha, naye anauza vitambaa.

Tulipita Rongo tukalala Migori, na siku ya pili mapema tukateremka Muhuru, karibu na mpaka wa Tanzania. Njiani tulimchukua fundi wa mashine, kijana wa Kijaluo, Mkristo, ambaye ndugu yetu alimjua kwa kazi yake. Baadhi yetu hawakuona haja ya fundi. Walisema kwamba muuzaji ni Muislamu, mtu mzima, asiyekosekana safu ya kwanza msikitini, na kumpelekea fundi ni kama kumwambia usoni kwamba hatumwamini.

Maneno haya twayasikia sana kwetu, na twayaona kuwa ni maradhi yaliyovaa kanzu ya adabu. Mtu atanunua nyumba, au gari, au mashua, asiiguse, kisha aseme, "Niliona haya kumchunguza mwenzangu." Haya ni katika imani, hilo hatulikanushi. Lakini tutazame Mtume (s.a.w.) alifanya nini sokoni. Abu Hureira (r.a.) amepokea kwamba Mtume alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani ya rundo, na vidole vyake vikapata unyevu. Akamwuliza mwenyewe ni nini hii. Yule mtu akasema kwamba mvua iliipata. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka iliyorowa juu watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Khatibu wetu husoma mwisho wa hadithi hii kila mwaka, na mwanzo wake hatuutii maanani. Mtume hakuanza kwa kuuliza. Alianza kwa mkono. Mwenye rundo alikuwa Muislamu katika mji wa Mtume mwenyewe, na mkono ule haukuwa dhana mbaya juu yake. Basi na sisi tusiseme kwamba kuchunguza ni kuvunja udugu.

Tulifika ufuoni kiasi cha saa tatu. Omena zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu, na makorongo yamesimama kando kama mashahidi waliokwisha lipwa. Muuzaji alitupokea kwa furaha na takrima, akawaita watu wake watuletee viti na chai. Mashua ilikuwa imefungwa majini, inaelea vizuri, rangi yake kama ilivyokuwa pichani. Akauvuta uzi wa mashine mara moja tu, ikanguruma. Watu wakasema, "Mashaallah!"

Mmoja wetu alikuwa ameupitisha mkono wake juu ya kifuniko cha mashine kabla ya uzi kuvutwa, akaukuta una moto. Mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa kabla hatujafika, ikapashwa, ikazimwa. Mashine nzee yenye maradhi hukataa ikiwa baridi, na ikipashwa moto huwaka kwa mvuto mmoja. Ndugu yetu huyo alituangalia, tukamwangalia, na hakuna katika sisi aliyesema neno. Tulikuwa na chai ya mtu mkononi. Twaandika haya juu ya nafsi zetu wala hatuna udhuru. Waliokuja kwa ajili ya mali ya mayatima waliinyamazia ishara ya kwanza kwa ajili ya kikombe cha chai.

Aliyesema ni yule kijana wa Kikristo. Aliigusa mashine, akamwambia muuzaji kwa heshima, "Jaduong', mashine hii imetoka kazini. Tungoje ipoe." Jaduong' ndivyo waitwavyo wazee huko. Mzee akasema kwamba alikuwa akiijaribu petroli tu. Fundi akasema, "Vyema, tutangoja."

Hapo tukaikumbuka hukumu tuliyoisoma tangu utotoni tukidhani ni ya wafugaji tu. Mtume (s.a.w.) amekataza mnyama wa maziwa kufungwa chuchu siku kadhaa, ili maziwa yajae kiwele, na mnunuzi adhani ndivyo alivyo kila siku. Aliyemnunua mnyama wa namna hiyo ana hiari mpaka siku tatu. Akitaka atakaa naye, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama. Sasa tuulizane, kupasha moto mashine kabla ya mnunuzi kuja kuna tofauti gani na kufunga chuchu? Na kupaka rangi mpya juu ya ubao uliooza? Na kurudisha nyuma hesabu ya maili za gari, jambo lijulikanalo sana kwetu Mombasa? Muuzaji wa namna hiyo hakusema uongo hata neno moja. Amekifanya kiwele kiseme uongo kwa niaba yake.

Tulingoja mpaka baada ya Adhuhuri. Katika kungoja tulimtaka muuzaji mashua ivutwe pwani. Hakupenda. Akasema yataka watu wanane, na kwamba haivuji. Tukamwambia kwamba ujira wa hao wanane ni juu yetu. Ilipokuja juu ya mchanga ikalazwa ubavu, fundi akaanza kuigonga kwa mpini wa kisu chake, ubao kwa ubao, kutoka omo mpaka tezi. Ubao mzima hulia, ubao mbovu hunyamaza. Watu wetu wa pwani hudhani kwamba mashua ya ziwani ni salama zaidi, kwa kuwa maji yake hayana chumvi ya kula chuma wala mdudu wa baharini atoboaye mbao. Hayo ni kweli. Lakini maji matamu yana hila yake, kwani huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi, na maji ya mvua yaliyotuama ngamani huozesha zaidi. Karibu na mkuku, chini ya lami na rangi, palikuwa na kipande cha bati kilichopigiliwa misumari. Kutia kiraka cha bati si aibu, mashua nyingi za huko zina viraka. Fundi alitia ncha ya kisu pembeni mwa bati, ikazama kama katika muhogo uliochemshwa. Ubao wa namna hiyo ulikuwa na urefu wa mkono mmoja, nao ulikuwa upande uliokuwa majini. Tukatazamana tena, na safari hii tulisema.

Kisha ukaja ubao wa tezi ubebao mashine. Huu ndio ubao wa kuchunguzwa kuliko zote, kwani mashine ya nguvu za farasi arubaini huuvuta na kuusukuma mchana kutwa, na ukitoka, mashine yaenda chini na mashua yajaa maji kwa nyuma. Alhamdulillahi, huo ulikuwa mzima.

Namba ya mashine tuliisoma wenyewe kwa tochi, tukailinganisha na karatasi ya ununuzi na daftari la kamati ya ufuo, ile waiitayo BMU, ambayo huziandikisha mashua za hapo. Zikalingana. Jambo hili wengi hulipuuza, na hali wizi wa mashine za mashua katika ziwa hili umekuwa balaa kwa wavuvi kwa miaka mingi. Wavuvi huvamiwa usiku, wakanyang'anywa mashine, na mashine ile huenda ikauzwa ufuo wa pili. Mwenye kununua mashine iliyokwanguliwa namba, kwa bei ya kutupa, asiseme kwamba hakujua. Namba iliyokwanguliwa imekwisha mwambia. Na mali ya kuibiwa haiwi halali kwa kupita mikononi mwa watu kumi. Ni ya mwenyewe popote ilipo.

Mashine ilipopoa, fundi alilegeza skrubu ya chini, penye oili ya gia, akakinga kwa kopo. Ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Oili safi haina rangi hiyo. Ikiwa nyeupe, maji yameingia. Akaifungua rafadha, na nyuma yake, katika chuma kinachoizungusha, akatoa uzi wa nailoni wa kuvulia, mwembamba kama unywele, uliojizungusha mara nyingi hata ukaikata sili. Uzi wa kuvulia, usiofika thamani ya shilingi mia, uliingiza maji katika gia, na gia zikila kutu mashine yafa. Haya yalikuwa katika maji, nyuma ya rafadha, na hakuna picha ambayo ingeyaonyesha. Tuliwakumbuka waliosema kwamba chombo huonwa mpaka kilichomo majini, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Likabaki jaribio. Hapa pana mas-ala ambayo wanunuzi wengi hawayajui. Mwenye kuchukua kitu cha mtu ili akitazame kwa nia ya kununua, katika madhehebu yetu kikiharibika mikononi mwake ni dhamana yake. Basi kabla ya kuondoka ufuoni tulipatana, mbele ya mashahidi wawili, kwamba muuzaji mwenyewe ndiye atakayeishika mashine, na mashua imo mkononi mwake mpaka mkataba utimie. Alitaka pia apewe arabuni ya shilingi 30,000, iwe yake ikiwa hatutanunua. Tukamweleza kwamba arabuni ya namna hiyo haisihi kwa Shafi na kwa wanavyuoni walio wengi, ijapokuwa Imam Ahmad ameiruhusu. Akaiacha.

Fundi hakukubali mashua ijaribiwe tupu. Alisema mashua tupu hukimbia hata ikiwa na mashine mbovu, kama punda asiye na mzigo. Tukatia magunia ya mchanga, na watu sita, na kila mtu na boya lake la kuvaa, na makasia mawili. Kijana mmoja wa hapo alicheka kuona masheikh wamevaa maboya juu ya kanzu. Acha acheke. Sisi tuliokuwa Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, siku ilipozama feri ya Mtongwe na watu 272 wakafa karibu na nchi kavu, hatuchekeshwi na mambo hayo. Na ziwa hili hili, upande wa Tanzania, lilichukua zaidi ya watu 220 katika MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, hatua chache kutoka gati la Ukara. Hizo zilikuwa feri kubwa, na mashua ya futi thelathini si kitu kama hicho. Lakini mtoto wa mtu huzama mara moja tu, katika feri au katika mtumbwi.

Mashine baridi iliwaka kwa mvuto wa tisa. Maji ya kupoza yakatoka ubavuni kwa mshipa mwembamba, na fundi akayakodolea macho hayo kuliko kitu kingine chochote. Kila mashine ya namna hii huvuta maji ya ziwa, huyazungusha mwilini mwake ili ipoe, kisha huyatupa nje. Watu husema yakojoa. Mshipa ukiwa na nguvu, mashine ina afya. Ukikatika, zima upesi kabla chuma hakijaungua. Katika ziwa hili mchanga na magugu maji huziba njia hizo, na kile kipande cha mpira kizungukacho ndani ya pampu huisha.

Tulikwenda mbio dakika kumi, kumi na tano. Mashua ilikata maji vizuri, na ndugu yetu akaanza kutabasamu. Dakika ya ishirini mshipa ukawa matone. Fundi akainua mkono. Muuzaji akajifanya hakumwona. Fundi akasema, "Jaduong', zima." Ikazimwa. Kimya kikatanda, na upepo wa alasiri ulikuwa umekwisha anza kutoka ziwani. Uzi ukavutwa mara kumi, mara ishirini, haikuwaka. Maji nayo yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yetu, yatoka chini ya lile bati.

Tukayashika makasia. Tulipokuwa tukipiga kasia, yule mzee alikaa kwenye tezi, ameegemeza mkono wake juu ya mashine, akasema kwa sauti ndogo, bila ya kuulizwa, "Ni miezi saba sasa. Dakika ishirini, kisha husimama. Mimi huenda nayo karibu tu." Kisha akaongeza, "Lakini sikusema uongo. Hamkuniuliza. Na niliuza vilevile ilivyo."

Haya ndiyo maneno yaliyotufanya tuandike makala haya, kwa maana twayasikia kila soko. "Hakuniuliza." "Nilimwambia vilevile ilivyo." Watu hudhani maneno haya ni ngao mbele ya Mwenyezi Mungu.

Ama la kwanza, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba si halali kwa Muislamu kumwuzia nduguye kitu chenye aibu ila ambainishie. Hakuweka sharti ya kuulizwa. Na jukumu hilo si la muuzaji peke yake. Imepokewa kwamba Wathila bin al-Aska (r.a.) alimwona mtu aliyenunua ngamia akiondoka naye. Akamfuata akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Aliposema kwa safari, Wathila akamwambia kwamba katika ukwato wa ngamia huyo mna tundu, hataweza mwendo. Mnunuzi akarudi, bei ikapunguzwa, na muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Akajibu kwamba amemsikia Mtume akiharimisha kuuza bila ya kubainisha aibu, na kumharimishia pia aijuaye aibu hiyo kunyamaza. Basi wale watu wanane walioivuta mashua, na wote waliokuwa ufuoni wakijua habari ya dakika ishirini, na sisi wenyewe tuliouhisi moto wa mashine tukanywa chai, wote tumo katika hadithi hii.

Ama la pili, "vilevile ilivyo," wanavyuoni wameliita bei kwa sharti ya kuepukana na aibu. Asili yake ni kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.), aliyeuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hiyo. Mnunuzi akashtaki kwamba mtumwa ana maradhi, na Sayyidna Uthman (r.a.) akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa. Kwa kauli yenye nguvu kwa Shafi, sharti hiyo humwokoa muuzaji katika jambo moja tu, nalo ni aibu ya ndani ya mnyama, asiyoijua. Sababu ni kwamba mnyama hula na maradhi yamo ndani yake, na tabia yake hubadilika, hata mwenyewe asijue. Katika nguo, na nyumba, na chombo, haimwokoi.

Usiku ule Migori mwenzetu mmoja alisema kwamba mashine nayo ni kama mnyama, hulala nzima ikaamka mgonjwa, basi kwa nini isikiasiwe? Ni swali la mwanachuoni, nasi tulilizungumza mpaka taa ikaisha mafuta. Lakini hata tukikubali kiasi hicho, sharti ya kutojua ingali palepale. Na mwenye miezi saba anajua.

Yule mzee tuliyasema naye hayo pale pale majini, kwa upole, kwani hatukuwa na haki ya ukali. Aliinamisha kichwa. Akasema ana watoto wawili katika sekondari na deni dukani, na kwamba yeye mwenyewe aliinunua mashine ile "vilevile ilivyo" kwa mtu wa ufuo mwingine, aliyemhakikishia kwamba ni nzima. Huo ndio mwendo wa ghushi. Aliyedhulumiwa hatafuti haki yake kwa aliyemdhulumu, huitafuta kwa atakayekuja nyuma yake, na mwisho wa safu ni mayatima wanne wa Homa Bay, na abiria wa Mfangano asiyejua kitu.

Ndugu yetu hakuiacha mashua. Ubao wa tezi ulikuwa mzima, mataruma mazima, mashine yenyewe, asema fundi, silinda zake zote mbili zina nguvu sawa. Kilichokufa ni pampu na sili, na ubao mmoja. Fundi alihesabu vipuri na ujira, fundi wa mbao akahesabu ubao na kalafati, na bei ikashuka mpaka shilingi 235,000. Mzee aliridhia mbele ya watu wa ufuoni, na akazitaja aibu zote tatu kwa kinywa chake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa jepesi kwa mtu wa makamo yake. Tuliandika mkataba, namba ya mashine ndani yake, na mashahidi wawili, na hiari ya siku tatu kuanzia siku ya kuandika, kwani Shafi hairuhusu zaidi ya hizo. Vipuri viliagizwa siku ile ile ili siku hizo tatu zisipotee bure.

Twaongeza hapa neno moja kwa ndugu zetu wa pwani, maana kwetu haki hii hupotea kwa uvivu. Haki ya kurudisha kitu kwa aibu ni ya papo hapo. Ndugu mmoja wa kwetu alinunua mashua, mashine ikamsimamia juma la kwanza, akajua ubovu wake, akaendelea kupakia abiria miezi miwili kwa kuwa ulikuwa msimu, kisha akaja kwetu ataka arudishe. Tulimwambia kwamba alipoijua aibu akaendelea kuitumia aliiridhia. Alikasirika. Lakini aliye na aibu mkononi amwendee muuzaji siku ile ile, na asipompata ashuhudize watu, na aache kutumia.

Siku ya tatu, Alasiri, mashua ilitiwa majini tena, ikiwa na mpira mpya na ubao mpya ambao haujapakwa rangi bado. Magunia yale yale, watu sita. Iliwaka kwa mvuto wa tatu ikiwa baridi. Walikwenda saa nzima kuelekea Karungu na kurudi, wakaizima katikati ya maji ikiwa moto, wakaiwasha tena. Ngama ilikuwa kavu. Mzee alikuwa tezini, na fundi karibu yake, wote wawili wakitazama mshipa wa maji ubavuni.